Foleni Niliyomshikia Petro

Sehemu ya Nne

Mlioanza nami mnajua nilipofikia. Mnaonisoma leo kwa mara ya kwanza, habari yangu ni fupi na ni mbaya. Jina langu Mwishehe, dereva wa gari la taka la halmashauri, miaka kumi na moja kwenye usukani bila kugonga hata kuku, na wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimeshika barua inayosema mkojo wangu una bangi.

Mimi. Bangi. Mtu ambaye hata moshi wa udi wa mke wangu unanikohoza!

Barua ile ilinisimamisha kazi. Mke wangu, Yasmini, aliisoma mara mbili, akaikunja, akaniuliza swali moja tu: "Umeanza lini?" Nikamwapia kwa kila ninachokijua. Akasema amesikia. Tangu siku hiyo ananipikia, ananitengea, na kila shati langu analinusa kabla ya kulifua.

Leo nataka kukiri. Sikiri bangi, maana sikuvuta. Nakiri nililolifanya baada ya barua, na mkimaliza kusoma mtaniona mshenzi. Sitawalaumu.

Kwanza niwarudishe siku ya vipimo.

Mwaka huu halmashauri iliingia mkataba na zahanati moja binafsi ya Kipawa ipime madereva wote: macho, presha na mkojo. Yadi yetu iko Mtoni. Kwa nini watu wa Mtoni wapelekwe kukojoa Kipawa, muulizeni aliyesaini. Mimi niliambiwa nifike saa moja asubuhi, nikafika.

Nikiwa kwenye foleni Petro akapiga simu. Petro ni dereva mwenzangu, Mmakua wa Masasi, rafiki yangu wa miaka tisa.

"Kaka, gari limenizimikia huku dampo. Nishikie foleni."

Sasa niambieni, nani mjini hapa hajawahi kumshikia mtu foleni? Bombani tunashikiana kwa ndoo, hospitali tunashikiana kwa kadi. Kitambulisho chake kilikuwa kwangu, maana jana yake nilikwenda kuvitoa kopi vyote viwili. Nikaviweka dirishani, changu juu, chake chini.

"Petro yuko wapi?" binti wa mapokezi akauliza.

"Yuko chooni."

Akanipa vikopo viwili. Havikuwa na majina, namba tu, 47 na 48. Walituambia ni kwa ajili ya kutunza siri ya mfanyakazi. Kwa kuwa kitambulisho changu kilikuwa juu, nikachukua 47. Petro alipofika akihema nikampa 48. Tukamaliza, tukanywa supu ya ng'ombe pale nje, tukarudi zetu Mtoni tunacheka.

Barua ya bangi ilikuja Ijumaa. Jumapili asubuhi, nikiwa sina la kufanya zaidi ya kununa, niliisoma tena, na safari hii nikaona maandishi madogo juu pembeni: sampuli namba 48.

Nikasimama. Nyumba yangu mimi ni namba 47. Siku ile nilipokishika kile kikopo nilicheka peke yangu kwamba nakojolea namba ya nyumba yangu. Hapo kumbukumbu yangu haiwezi kukosea.

Yule binti alikuwa amevigeuza vitambulisho kabla ya kuandika. Cha juu kikawa cha chini. Basi tu! Kitu kidogo kama hicho kimeniharibia jina.

Kwa hiyo mkojo wenye bangi ulikuwa wa Petro. Mimi nimshikie foleni, yeye aniponze. Nilivaa viatu bila soksi nikatoka. Kwake ni mitaa miwili tu kutoka kwangu, na njia nzima nilikuwa napanga maneno, kila neno baya kuliko lililotangulia.

Mlango alinifungulia mkewe, Anna. Macho yalikuwa mekundu.

"Karibu shemeji. Afadhali umekuja uongee na mwenzio. Petro ana sukari."

"Ana nini?"

"Sukari, shemeji. Majibu ya Kipawa hayo. Wamemtoa kwenye usukani, wamemweka getini ahesabu magari."

Petro alikuwa amekaa mkekani na bakuli la mchicha wa kuchemsha, bila ugali, bila samaki. Mtu niliyemzoea akimaliza sahani ya wali na kuomba ukoko alikuwa anatafuna mchicha kama adhabu.

"Hebu nione hiyo barua," nikasema.

Akanipa. Sukari nyingi kwenye mkojo. Aondolewe kwenye magari makubwa. Arudi zahanati kwa kipimo cha damu. Na juu pembeni: sampuli namba 47.

"Umesharudi kupima damu?"

Petro akangoja Anna aingie jikoni, kisha akanisogelea.

"Nirudi wapi, kaka? Mie natumiaga jani kidogo, jioni, la kulalia. Safari hii Mungu kanificha. Nikirudi wakanipima tena, si ndo naumbuka?" Kisha akanipiga bega, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Ila wewe braza nimekuvulia kofia! Miaka tisa tupo wote, kumbe na wewe unavuta! Si ungesema? Tungekuwa tunanunua pamoja."

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilifungua mdomo nimwambie, bwege wewe, ile bangi ni yako!

Nikaufunga.

Maana ghafla nililiona jambo ambalo njia nzima hasira zilinizuia nisilione. Kama 48 ni yake, 47 ni yangu. Na sukari ni yangu.

Nikakumbuka jagi la maji ninalolimaliza kila mchana halafu nasingizia joto. Nikakumbuka ganzi ya vidole vya mguu ninayoisingizia klachi. Nikakumbuka Yasmini akilalamika, "Hivi hiki choo chetu kimeota sisimizi siku hizi kwa nini?" Nilinunua dawa ya wadudu. Nikapuliza chooni, nikaona nimemaliza kazi.

Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Asiyekuwa kwenye usukani hasainiwi mwingine, hilo kila dereva pale yadi analijua. Nikisema majibu yetu yalipishana, bangi itanitoka na sukari itaniingia, na vyote viwili vinanishusha garini. Ng'ombe wa maskini hazai, jamani.

Lakini nikinyamaza, nikaomba nipimwe upya bangi peke yake, nitatoka msafi. Sukari itabaki kwa Petro kwenye makaratasi. Na Petro mwenyewe hataki kurudi kupimwa.

Nilipiga hesabu hiyo yote nikiwa nimeishika barua yake mkononi. Kisha nikamrudishia.

"Pole sana, ndugu yangu," nikasema.

Hilo ndilo la kwanza ninalokiri. Kuna la pili.

Anna alirudi na pakiti ya vidonge. Petro alikuwa amevinunua duka la dawa bila cheti, kwa maelekezo ya watu wa getini.

"Anameza viwili asubuhi na viwili jioni," Anna akasema. "Na chakula chenyewe ndo hicho unachokiona. Chai kavu, sukari nimeificha. Shemeji, wewe umetembea, umeona watu. Ni sawa hivi?"

Alikuwa ananitazama usoni, na mimi nikaitazama ile pakiti.

"Wenye duka wanajua," nikamjibu.

Akashukuru. Akanipa na chai, akaomba radhi kwamba haina sukari.

Jumatatu nilikwenda mpaka Rangi Tatu, kwenye duka la dawa ambako hakuna anayenijua, nikatobolewa kidole. Kijana wa dukani akaangalia kile kimashine, akakitikisa, akaangalia tena.

"Mzee, umekula nini asubuhi?"

"Sijala kitu."

"Iko kumi na saba, na kabla ya kula haitakiwi kufika hata saba. Nenda hospitali leo. Usiseme kesho."

Mtu mwenye akili angekwenda hospitali. Mimi nilikwenda halmashauri kuomba rufaa ya bangi.

Afisa utumishi wetu ni Bi Eliaichi, mama mwenye adabu zake na mafaili yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Rufaa ya vipimo haipo kwangu. Nenda kwa waliopima."

Nikaenda Kipawa. Binti yule yule wa dirishani, aliyeniharibia maisha, akanitabasamia.

"Tunapima kwa barua ya mwajiri tu, baba."

Nikarudi kwa Bi Eliaichi.

"Barua hiyo anatoa msimamizi wa mkataba," akasema.

"Yuko wapi?"

"Morogoro, semina."

"Anarudi lini?"

"Semina ikiisha."

Siku ya pili nikarudi. Nikaambiwa kuna anayemkaimu. Anayemkaimu akasema hajakabidhiwa muhuri. Aliyebaki na muhuri akasema yeye hana mamlaka ya kusaini. Taka zenyewe zikitoka Mtoni hufika dampo siku hiyo hiyo. Mimi mwenye miguu nilikuwa sifiki popote. Nilitamani kupiga meza. Nikakumbuka mtu anayetuhumiwa bangi akipiga meza amejimaliza mwenyewe, nikasema asante nikatoka.

Jumatano jioni Petro akapiga.

"Kaka, mikono inanitetemeka. Jasho tu, na baridi. Sielewi. Sukari imepanda nini?"

Nilikuwa nimekaa kibarazani. Yasmini alikuwa ndani anapanga vyombo. Nilijua. Siwezi kuwadanganya eti sikujua. Kijana wa Rangi Tatu nilimuuliza, akanieleza vizuri kabisa kwamba vidonge vile vinashusha sukari, na asiye na tatizo akivimeza vinaweza kumwangusha.

"Umekula?" nikamuuliza.

"Nile nini, na mie mgonjwa? Naona niongeze kidonge kimoja."

"Pumzika tu," nikamwambia. "Utakaa sawa."

Nilimwambia apumzike. Sikumwambia asimeze.

Na baada ya kukata simu nikajipa moyo kwamba namlinda. Nikisema ukweli, si atafukuzwa kwa bangi? Ana watoto watatu shule. Bora awe mgonjwa wa karatasi kuliko mvuta bangi wa kweli. Siku mbili tu, nikishapata majibu yangu nitamnong'oneza aache vidonge. Ndivyo nilivyojibembeleza, na nikala chakula cha jioni nikashiba.

Alhamisi barua ikatoka. Aliyenipa ni Bi Eliaichi mwenyewe, na akanishika mkono.

"Mwishehe, mimi binafsi sikuamini ile habari. Kajisafishe."

Huruma yake ilinichoma kuliko kiburi cha wale wengine wote.

Saa nne nilikuwa Kipawa. Safari hii sikuachiwa dirishani. Mwenye zahanati, Dokta Shaista, alitoka mwenyewe, akasoma barua, akakagua kitambulisho changu, akaniandikia jina zima kwenye kikopo mbele ya macho yangu.

"Wewe umelalamika, Bwana Mwishehe, kwa hiyo leo nasimamia mwenyewe. Hapatatokea kosa."

"Nashukuru Dokta. Ila naomba kitu kimoja. Unipime bangi tu."

"Bangi tu haipo."

"Barua imesema bangi."

"Barua imesema urudiwe kupimwa. Mkataba wetu na halmashauri ni kifurushi. Mkojo ukiingia naangalia vyote, bangi, sukari, protini, na vyote naandika. Siwezi kuchagua."

"Lakini Dokta, mie tatizo langu ni bangi."

Akashusha miwani.

"Watu wanaokuja kurudia bangi huogopa bangi. Wewe unaogopa nini?"

Nilikuwa nimehangaika siku nne kuutafuta mlango huu, nimefunguliwa, na ndani yake kuna kile kile nilichokuwa nakikimbia. Nikakaa kwenye benchi na kikopo mkononi. Hata mkojo wenyewe, ambao siku zote hizi ulikuwa haunipi nafasi ya kulala, ulikataa kutoka.

Simu ikaita. Anna.

"Shemeji! Petro kaanguka!"

"Kaanguka wapi?"

"Uani, alikuwa anaenda kuoga. Jasho linamtoka kama kamwagiwa ndoo, macho yanageuka, namwita haelewi. Majirani wanasema sukari imepanda, tumsagie vidonge tumnyweshe. Nimeshavisaga tayari. Shemeji, nimpe vingapi?"

Niliinuka. Dokta Shaista alikuwa hatua mbili kutoka kwangu na alisikia, maana Anna alikuwa anapiga kelele.

"Huyo Petro ni wa yadi yenu?" akauliza. "Yule wa sukari niliyemwandikia arudi, akakaidi?"

"Ndiye."

"Anatumia vidonge? Nani kampa? Mimi sikumwandikia dawa yoyote!"

"Shemeji, upo?" Anna analia. "Nimpe vingapi?"

Nisomeni vizuri hapa. Nilikuwa na sekunde chache tu, na ndani ya sekunde hizo, naona aibu kusema, niliuwaza usukani. Niliiwaza karatasi ya mkataba mpya na mahali pa kuweka sahihi. Kisha nikasikia kijiko kinagonga kikombe upande wa pili wa simu. Anna alikuwa anakoroga.

"Usimpe!" nikapiga ukelele. "Anna, usimpe hata kimoja! Dokta, Petro hana sukari."

"Umejuaje?"

"Mkojo wa 47 ni wangu. Siku ile nilimshikia foleni, nikachukua vikopo viwili, vikapishana. Mwenye sukari ni mimi. Yeye hana kitu. Anameza dawa za watu bure, na chakula hali."

Dokta hakunitukana. Alininyang'anya simu, akaweka sauti ya nje ili aongee huku anaandika.

"Mama, mwaga hicho kikombe. Unanisikia? Mwaga. Mumeo sukari imeshuka, haikupanda. Anameza mate? Anaweza kumeza?"

"Sijui... mdomo umekaza."

"Usimwagie maji mdomoni, atapaliwa. Chovya kidole kwenye sukari, mpake kwenye fizi, ndani ya shavu. Mlaze ubavu. Mtu mmoja atafute bajaji sasa hivi, mkimbizeni hospitali iliyo karibu. Waambie amemeza vidonge vya sukari na si mgonjwa wa sukari. Rudia nilichosema."

"Amemeza vidonge vya sukari..." Anna akaanza kurudia, halafu sauti ikakatika katikati. "Na si mgonjwa."

"Ndiyo mama. Fanya haraka."

Nilisikia watu wanakimbia, kabati linafunguliwa, mtu anauliza sukari iko wapi, na Anna anajibu kwamba aliificha juu, nyuma ya masufuria. Kitu kikadondoka kikavunjika. Kisha pumzi yake ikarudi karibu na simu.

"Shemeji."

"Nipo, Anna."

"Umesema huo mkojo ni wako."

"Ndiyo."

"Umejua lini?"

Dokta Shaista aliacha kuandika. Binti wa mapokezi alikuwa amesimama mlangoni na faili kifuani. Ningeweza kusema leo. Ningeweza kusema nimejua hapa hapa, dakika hii, na hakuna ambaye angenibishia.

"Jumapili," nikasema.

"Jumapili ulipokuja hapa?"

"Ndiyo."

"Nikakuuliza kama ni sawa."

"Ndiyo, shemeji."

Simu hakuikata, aliiweka chini tu, nikasikia inagusa sakafu. Kisha nikamsikia kwa mbali akimwita mumewe kwa jina. Akamwita mara ya pili, kwa sauti kubwa zaidi. Mara ya tatu wanawake wa jirani walimsaidia kuita.

Petro hakuitika.